Sufu kwenye Kamba Mwezi wa Desemba

Malvern, Johannesburg
Jumamosi, baada ya chakula cha jioni

Mwanangu Tunu,

Salamu tumeshapeana mezani, na shikamoo yako nimeipokea, kwa hiyo nisipoteze karatasi kwa kukuuliza hali. Hali yako naijua. Upo chumba cha pili, umelala chali, simu juu ya uso, na begi lako kubwa limesimama mlangoni tangu alasiri. Kesho saa kumi na mbili asubuhi gari la wenzako litapita kukuchukua, na mpaka mwisho wa Agosti utakuwa kwenye milima ya Drakensberg unajifunza kazi ya kuongoza watu kwenye baridi na theluji. Miezi mitatu. Mama yako amezihesabu hata wiki zake, mimi sikuthubutu.

Najua Kiswahili cha kuandikwa kinakuchosha. Unakisikia chote, lakini ukijibu unajibu kwa Kiingereza, na ukikasirika ni Kizulu. Jambo hili nimejaribu kuliandika kwa Kiingereza likatoka kama barua ya benki. Basi lisome hivi hivi, polepole, kwa sauti ukipenda. Neno likikushinda liruke, utalielewa mbele.

Sitakuandikia habari za kula, kulala, kusali wala kupiga simu. Hayo mama yako ameshayasema mara tatu tatu, na mengine ameyabandika kwenye kifuniko cha kopo la karanga ili uyasome kila ukiona njaa. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni fulana.

Usicheke kwanza.

Jana jioni ulimwaga vitu vyako vyote kwenye zulia la sebuleni ukatuweka mimi na mama yako kwenye kochi kama wanafunzi. Ukainua nguo moja nyeusi, nyembamba, ya mikono mirefu, ukasema, "Baba, ya kwanza mwilini ndiyo inaamua. Ukiwa na koti la bei mbaya juu, halafu ndani umevaa takataka, ni kazi bure."

"Kumbe?" nikasema.

"Hii sufu. Sufu ya kondoo wa merino. Hata ikiloa jasho bado inakupa joto. Na hainuki, unakaa nayo siku tano."

"Siku tano!" mama yako akashika kichwa.

"Mama, kule juu hakuna bafu. Na hii nyingine ni poliesta. Inakauka chap chap, lakini siku ya pili, eish, hakuna mtu atakubali kulala na wewe hema moja." Kisha ukatuonyesha kwamba unazo jozi mbili: moja ya kutembea, na moja ya kulala ambayo haitoki kwenye mfuko wa plastiki mpaka umefika, umesimamisha hema na umejifuta jasho. Ukatuonyesha zipu ya shingoni ya kufungua ukianza kupata joto. Ukatuonyesha mshono wa begani uliosogezwa pembeni ili mkanda wa begi usiukalie. Kila kitu ulikijua. Mimi nikawa naitikia, kumbe, alaa, kumbe.

Halafu ukamgeukia mama yako ukicheka. "Na safari hii, Mama, tafadhali, sitaki fulana zako za pamba. Zile za kuua watu."

Tukacheka wote watatu. Mama yako alicheka kabisa, mpaka mabega yakatikisika, kisha akainuka akasema anasikia harufu ya kitu kinaungua jikoni. Tunu, jikoni hakukuwa na kitu. Wali ulikuwa umeshapakuliwa, na jiko lilikuwa limezimwa.

Ndiyo sababu naandika. Yale yote uliyotufundisha jana nilikuwa nayajua. Niliyajua tangu una miaka mitano. Nikakuacha uende mlimani mara ya kwanza bila kukuambia hata neno moja, na lawama akaibeba mama yako.

Nianze mwanzo, maana wewe unanijua mimi niliyekuwa karani.

Ni kweli nilikuwa karani. Nilipotoka Tanga kuja huku nilipata kazi kwenye ofisi ya kusafirisha vifurushi kule Marshalltown, ghorofa ya nne, meza yangu mwenyewe, kiti cha kuzunguka. Nikampigia simu babu yako mzaa mama, nikamwambia, "Mzee, binti yako amepata mume wa ofisini." Yule mzee alitangaza Tanga nzima, hata wasiotaka kusikia walisikia. Nikamleta mama yako huku, ukazaliwa wewe, na ulipokuwa na miaka minne ofisi ile ikafungwa. Siku moja tu. Tulifika asubuhi tukakuta kufuli mlangoni na karatasi.

Sikusema nyumbani. Nilijiambia nitasema nikishapata ofisi nyingine. Kila asubuhi nikavaa shati jeupe na tai, nikatoka, nikazunguka mji kutafuta. Mwezi wa pili nikapata kazi, lakini haikuwa ya ofisi. Lilikuwa ghala la baridi, kusini ya mji, la kuhifadhi kuku na nyama kabla hazijaenda madukani. Ukiingia mle ndani ni baridi kuliko usiku wowote ulioujua Johannesburg. Maboksi yanarundikwa juu mpaka darini, na sisi kazi yetu kuyapakua na kuyapanga. Koti walitupa, na buti, na glavu. Cha ndani ulijitafutia mwenyewe.

Nami cha ndani nilikuwa nacho, tena cha fahari. Nilikuwa na fulana nyeupe za pamba ambazo mama yako mdogo hutuletea kutoka dukani kwake Tanga. Sisi watu wa pwani neno pamba kwetu ni sifa. Mtu akivaa akapendeza tunasema amepiga pamba. Nguo ikiwa nzuri tunaisugua kidole na kusema pamba tupu hii, na mnunuzi hana tena la kuuliza. Na kwa joto la Tanga ni kweli kabisa, hakuna kinachoishinda. Sasa mimi nikavaa mbili, moja juu ya nyingine, nikaingia kwenye lile friji nikiwa nimejiamini kama bwana harusi.

Saa ya kwanza nilicheka. Baridi gani hii? Nilibeba maboksi mbio mbio nionekane mchapakazi, na mgongo ukalowa chapa chapa. Kisha lori likachelewa, tukaambiwa tusimame tungoje. Ndipo fulana zile mbili zikageuka barafu mwilini mwangu. Meno yaligongana mpaka nikauma ulimi, na vidole vikakataa kufunga zipu ya koti.

Aliyeniona ni mzee mmoja wa kazini, Mkongo wa Uvira, tukimwita Papa Zakaria. Alikuwa mkubwa wetu kwa umri na kwa maneno. Alinivuta mpaka chumba cha kubadilishia nguo, akanifungua koti kama daktari.

"Ndugu, unavala nini mu mwili?"

"Fulana," nikasema. Hata katika hali ile nilijisifu. "Pamba tupu, imetoka Tanga."

"Pamba?" Akanitazama sana. "Pamba ni ya kutia maiti mu mapua. Hapa baridi haiuwe mutu, ndugu. Ni jasho yake ndiyo inamuuwa. Toa ile kintu."

Nikaivua. Akanipa yake ya akiba, ya sufu, imetobolewa kiwikoni na wadudu nondo, nikaivaa na joto likarudi taratibu. Nilipata mafua ya kifua wiki tatu, lakini nilipona, na somo lile sikulisahau.

Jumamosi iliyofuata Papa Zakaria alikuja hapa Malvern, akanipitisha kwenye mafungu ya mitumba Jules Street nzima. Nilimwona mtu anayejua kuchagua. Koti wala hakuligusa, alitafuta zile nguo za ndani ambazo watu wanazisukuma pembeni, suruali za kubana na fulana za mikono mirefu za watu wa Ulaya. Alizigeuza ndani nje. Alipitisha mshono wote kwa kidole gumba, kwapani na begani, kwa sababu hapo ndipo zinapochubua. Aliiweka nguo shingoni pake, siyo kiganjani, akasema kiganja cha mfanyakazi kimekufa, hakisikii muwasho. Akachomoa uzi mmoja kwenye pindo, akauwasha kwa kiberiti mbele ya mwenye fungu, ambaye alikuwa anapiga kelele kwamba tunamharibia biashara. Uzi ukiyeyuka ukafanya kitone kigumu, hiyo ni nailoni au poliesta. Ukiwaka kama karatasi ukaacha jivu, ni pamba, rudisha. Ukinuka nywele zilizoungua, lipa uondoke kabla mwenyewe hajajua anauza nini.

Njia hiyo nakuachia, Tunu. Lebo inaweza kusema chochote. Mimi nimeona sweta limeandikwa sufu kwa herufi za dhahabu na uzi wake ukayeyuka wote.

Mengine aliyonifundisha wewe umeyapata kwenye mafunzo yenu: ibane mwili bila kukukaba, iwe ndefu nyuma ili ukiinama mgongo usibaki wazi, na uanze kazi ukiwa unasikia baridi kidogo, kwa sababu ukianza na joto utatoka jasho. Hilo la mwisho ni gumu kuliko yote. Mtu anapenda kujistarehesha kabla ya kutoka. Mimi ilinichukua majira mawili ya baridi kulizoea. Na kuna jambo moja wanaume kazini hatukulizungumza na nasikia ndilo linalosahaulika: mtu anavaa sufu juu mpaka chini, halafu vile vidogo vya ndani kabisa anabaki navyo vya pamba. La upande wako mwulize yule mwalimu wenu wa kike. Baba ana mipaka yake.

Basi nikafanya kazi ile miaka tisa. Kila asubuhi natoka na tai, nikifika naivua, navaa sufu, nabeba kuku. Jioni naoga, nafunga tai, narudi nyumbani nikiwa karani. Wewe darasa la tatu uliandika insha kwamba baba yako anakaa kwenye kiti kinachozunguka na watu wanamletea karatasi asaini. Mwalimu alikupa nyota. Mama yako akaibandika juu ya friji yetu, na kila nikifungua friji kuchukua maji naiona. Kama si aibu, ningecheka.

Mpaka goti liliponishinda nikaacha, tukafungua hiki kiduka cha mabegi, na nikaona afadhali, sasa yamekwisha. Karani amestaafu. Uongo nikaudhani umezikwa.

Haukuzikwa. Miaka miwili iliyopita, mwezi wa saba, ulikuja na habari kwamba chama cha wanafunzi wenzako kinapanda Drakensberg siku nne. Ulikuwa unapanga begi chumbani kwako, mlango wazi. Mama yako alikuwa amekunja fulana sita nyeupe, mpya, za mama yako mdogo, amezipanga kama chapati. Mimi nikapita. Akaniita.

"Baba Tunu, hizi zitamtosha kwa baridi la huko?"

Nikasimama mlangoni. Tunu, nilijua. Hakuna kitu katika maisha yangu nilichokijua vizuri kuliko hicho. Mdomo ulishafunguka kusema, toa hizo, kesho asubuhi nipite Jules Street nimtafutie sufu. Lakini nilikuona umeinua kichwa, unanitazama. Wiki hiyo hiyo ulikuwa umejaza fomu ya kuomba msaada wa ada, na penye kazi ya baba ukaandika karani, kwa mwandiko mzuri. Nikaona swali lako linakuja: Baba, wewe umejuaje? Na nikaona kila kitu nyuma ya swali hilo.

"Zinatosha," nikasema. "Pamba tupu hizo."

Nikaenda kuangalia taarifa ya habari.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako. Ulipanda ukiwa na begi zito, ukatoka jasho, mkafika juu mkakaa kungoja waliochelewa, upepo ukaanza. Ulituambia kwamba hukumbuki vizuri, ila wenzako walisema ulianza kuongea kama mlevi na ukawa unataka kuvua koti. Rafiki yako mmoja aliyekuwa na akili ndiye aliyekuvua zile fulana, akakuvika zake kavu, akaingia na wewe kwenye mfuko wa kulalia mpaka ukaacha kutetemeka. Mungu amlipe yule binti. Sijawahi kumwona na kila Ijumaa namtaja.

Simu ilipokuja kwamba upo hospitali ya mji ulio chini ya mlima, na mama yako akauliza una nini, na sauti ikasema ulikuwa unaongea kama mlevi, nilikwenda kutafuta viatu. Niliwahi kumwona mtu wa namna hiyo kazini, baridi imemwingia mpaka akilini. Nilijua ulifika wapi, na ilikuwa bado hatua ngapi.

Tulipanda basi usiku ule ule. Njia nzima mama yako alilia. "Ni mimi. Ni fulana zangu. Nimemvisha mtoto pamba." Mimi nikamshika mkono nikamwambia, "Si wewe, mke wangu, ni kudra." Unasikia nilichofanya? Kosa langu nikamsingizia Mungu, ndani ya basi, tena kwa sauti ya mtu mwenye imani.

Tukakukuta umekaa kitandani unakula mkate na jemu. Sijawahi kula chochote kitamu kama kukutazama ukila mkate ule. Ukatuona, ukacheka, ukasema, "Mama, fulana zako nusura ziniue." Mama yako akakukumbatia. Ulikuwa utani, najua. Lakini utani ule ulirudi nasi nyumbani ukapata chumba chake. Idi uliwasimulia wageni. Rafiki zako wakija wanauliza, ndiyo huyu mama wa fulana? Naye kila mara anacheka, anawaongezea pilau. Mimi nikawa natafuna tu.

Jana alipokimbilia jikoni kwenye chungu kisichokuwepo, ndipo nikashindwa.

Leo alasiri wewe ulikuwa umetoka kununua betri. Nilimfuata akiwa anamenya viazi. Nikavuta kiti. Nikakaa wima kama siku ya kuposa.

"Rukia," nikamwambia, "nina jambo."

"Sema. Usinitishe."

"Ile kazi yangu ya ofisini, ile ya zamani…"

"Ya friji?" akasema, na akaendelea kumenya.

Kiazi kizima kikamenywa, na cha pili. Halafu akaweka kisu chini akanigeukia.

"Miaka tisa nimekufulia wewe suruali za sufu. Mwezi wa Desemba, watu wanatembea na kandambili na kaptula, jua linapasua mawe, mimi naanika sufu kwenye kamba. Mama Thandi wa jirani aliniuliza mume wangu anaumwa nini. Nikamwambia ofisini kwao kiyoyozi ni kikali, kama ulivyoniambia mwenyewe. Akaniangalia, nikamwangalia. Karani gani tai yake inanuka kuku?"

Akacheka. Nikacheka na mimi, nikacheka mpaka machozi, na nilisikia kitu kikishuka kifuani ambacho nilikuwa nimekizoea mpaka nikadhani ni umri. "Sasa mbona hukusema?" nikamwuliza.

"Ulikuwa unapiga pasi ile tai kila Jumapili kwa mkono wako. Ningesemaje?"

Halafu kicheko kikamwisha. Akanitazama kwa namna nyingine, akasema polepole, "Lakini nilikuuliza. Siku ile ya fulana. Sikumwuliza karani. Nilikuuliza wewe kwa sababu nilijua unaijua baridi. Ukasema zinatosha. Nikasema basi, huyu amekaa kwenye barafu miaka tisa, akisema zinatosha zinatosha."

Miaka miwili mama yako alikuwa anajua kwamba alinitegemea mimi, na nimemdanganya, na bado akakuacha umtanie yeye. Wala hakunitazama hata kwa jicho la pembeni mbele ya wageni wako.

Nikamwomba radhi pale pale, juu ya maganda ya viazi. Hakusema amesamehe na hakusema hajasamehe. Alisema, "Mwambie mtoto. Mimi fulana zile nimezibeba vya kutosha, mabega yamechoka." Kisha akanipa kisu nimalizie viazi, na yeye akaenda kuswali. Ndiyo maana leo chipsi zilikuwa nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine. Ulizilalamikia, nikakusogezea chumvi, na hilo pia sasa umejua.

Nikuambie ukweli, Tunu, sikutegemea kwamba nitajisikia hivi. Nilidhani nikisema, nyumba itaanguka. Lakini nimekula vizuri, nimeoga, nimekaa hapa naandika, na mkono unakwenda wenyewe. Nimetua mzigo. Na jana, nilipokuwa naitikia kumbe kumbe kwenye lile kochi, chini kwa chini nilikuwa nakukagua. Ulipokwenda kuoga nilichomoa uzi mmoja kwenye pindo la ile nyeusi, nikauchoma nje ukutani. Ulinuka nywele. Nikarudi ndani nikamshukuru Mungu, na safari hii bila kumsingizia kitu. Umechagua vizuri kuliko mimi ningekuchagulia, na hukuhitaji siri yangu ili ujue. Hilo limenipa amani kubwa mno, na limeniuma kidogo.

Huko uendako utaletewa watu uwaongoze. Watakuja na makoti ya kung'aa, na wengine chini yake watakuwa wamevaa kama mimi siku ile ya kwanza, na watakuwa wanajiamini kama bwana harusi. Waulize wamevaa nini ndani. Watakuonea haya, wengine watakasirika, wakubwa kwako kwa umri watakuona huna adabu. Wewe uliza tu. Na akikujibu mtu haraka haraka kwamba inatosha, mwulize tena. Mimi nilijibu haraka.

Kuhusu fomu, popote watakapokuuliza tena kazi ya baba, andika alikuwa mpakuaji kwenye ghala la baridi. Na kama ile insha bado ipo mahali, iache ilivyo, nyota ile uliipata kwa haki. Aliyedanganya ni mwingine.

Sasa nakuomba jambo moja, na ni leo tu nakuomba, sitalirudia kwenye simu. Kesho ukiamka utamkuta mama yako jikoni, anakufungia maandazi ambayo umeshamwambia mara nne huyahitaji. Yachukue. Mwombe radhi kwa yale ya fulana, kwa Kiswahili, hata ukikosea maneno. Usije kwangu kwanza. Nenda kwake, kaa naye, gari likipiga honi liache lipige.

Halafu uje kwangu, kama utataka kuja. Nitakuwa nje getini na begi lako, na utakachoniuliza nitakujibu.

Baba yako